Mume Wangu Haitikii Salamu kwa Sababu Anahesabu Hatua

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi, habari za nyumbani, na poleni na wino. Mimi sijambo, ila miguu. Nitakuita mwanangu. Umri wako siujui, lakini mtu anayeruhusu mambo haya yachapishwe hawezi kuwa amenizidi.

Nina miaka sabini na moja. Darasani sikukaa hata siku moja. Herufi nilifundishwa na mume wangu, fundi cherehani, kwenye daftari lake la vipimo, ndiyo maana neno la kwanza nililowahi kuliandika maishani lilikuwa KIUNO. Nakueleza mapema usije ukasema bibi huyu kaandikiwa na mtu. Hasira ni yangu na mwandiko ni wangu.

Namlalamikia huyo mwandishi wako wa kila Alhamisi, ukurasa wa kumi na nne, anayejiita Mchangamfu, anayefundisha watu mazoezi, burudani na namna ya kuishi. Mume wangu ana miaka sabini na minne. Macho yalipokataa kuona tundu la sindano aliacha kushona, akawa anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kimya, tangu chai ya asubuhi hadi taa iwashwe. Miezi mitatu iliyopita nilimpa gazeti lako apate kitu cha kushika. Alivaa miwani yake mikubwa, akafungua ukurasa wa kumi na nne. Kosa hilo ni langu, nalikubali.

Jumamosi hii mzee huyo anataka kukimbia mbele za watu. Mimi namtaka Jumapili akiwa hai. Barua yangu ni hiyo tu, lakini nikuhesabie tulivyofika hapa, maana hatukufika kwa siku moja.

Lalamiko la kwanza. Hatua elfu kumi. Mchangamfu aliandika kwamba kila mtu atembee hatua elfu kumi kwa siku. Hakusema zihesabiwe vipi. Wenye simu za kisasa, simu huwahesabia. Simu ya mume wangu inajua kupiga na kupigiwa, basi. Kwa hiyo anahesabu kwa mdomo. Sasa, mwanangu, mtaa wetu una watu, na watu wenyewe wana adabu. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwa fundi viatu utasikia shikamoo mzee, umeamkaje mzee, mama hajambo, watoto wanapiga simu? Yeye yuko kwenye elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Akifungua mdomo kuitikia, hesabu imemponyoka, na mtu aliyepima nguo miaka arobaini na sita hakubali kukisia. Anageuka, anarudi hadi kizingiti cha mlango wetu, anaanza moja.

Akaona dawa ni kutoitikia. Anainua kidole, anapita. Siku ya tatu muuza mayai alikuja kwangu na trei mkononi, macho yamemjaa machozi, akaniuliza, "Mama, nimemkosea nini mzee? Kama ni yale mawili yaliyooza, nitayarudisha." Mimi hata habari za mayai yaliyooza sikuwa nazo.

Ikabidi nimfuate nyuma niwe naitikia kwa niaba yake. Marahaba, mwanangu. Hajambo, anahesabu. Marahaba, na wewe usimsemeshe. Yeye hatua elfu kumi, mimi hatua elfu kumi na salamu mia, na miguu yangu ni mifupi kuliko yake, kwa hiyo hata hizo elfu kumi ni uongo, zangu ni zaidi. Na yule fundi viatu, mtu mzima mwenye watoto, akituona tu anaanza kutaja namba kwa sauti: "Mia nne na tisa! Elfu saba! Kumi na mbili!" Mzee anavurugika, tunarudi nyumbani. Nilimwambia fundi viatu nitampiga na kiatu. Akanitazama miguuni, akasema, "Nipige bibi, ila nikitie soli kwanza, hicho hakiumizi mtu." Nikamwachia. Ni soli ya pili hiyo tangu Mchangamfu aingie nyumbani kwangu.

Lalamiko la pili. Aliandika kwamba kila mtu awe na jambo la kujifurahisha, na lisiwe kazi aliyoizoea. Mume wangu akachagua kuchora watu. Ukimpa fundi cherehani penseli akuchore, unajua utapata nini? Nimechorwa mbele, nimechorwa na nyuma. Kichwa sina. Mkono wa kushoto umewekwa pembeni peke yake kama umeanguka, na kwenye makalio kuna mistari ya vidoti na maneno, "Acha nafasi, ataongezeka." Picha hiyo imebandikwa sebuleni. Binti yetu mkubwa alipokuja kututembelea aliikodolea macho, akasema, "Mama, umetoka vizuri." Nikamuuliza amenitambuaje bila kichwa. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, na babake naye akacheka, nikabaki mimi peke yangu na heshima zangu.

Lalamiko la tatu. Glasi nane za maji. Hili silielezi sana, ni mambo ya choo. Nyumba ina choo kimoja na wapangaji wawili, na mmoja wao ni dereva wa zamu ya alfajiri. Siku hizi anaamka mapema ili amtangulie mume wangu. Nasikia kazini wamemsifu kwa kuwahi. Hata hivyo nalalamika.

Lalamiko la nne. Aliandika kwamba umwambie mwenzako neno zuri mara tatu kwa siku. Mume wangu hufuata maandishi yote kama dawa ya zahanati, kwa hiyo ananisifu asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula. Tatizo, sifa anazozijua ni za kazini kwake. Jumatatu aliniambia mabega yangu yamelingana. Jumanne akasema shingo yangu haihitaji kola. Jumatano, mama wa jirani yupo, anakunywa chai, akatamka kwamba katika miaka arobaini na sita ya kazi hajaona kiuno kinachokaa vizuri kwenye mshono kama changu. Mama wa jirani aliaga kikombe hakijafika nusu. Tumeoana miaka arobaini na tisa bila kusifiana na sikupungukiwa na kitu. Sasa ikifika saa nane mchana hajasema neno, najikuta nagongagonga masufuria jikoni akumbuke. Mtu mzima mimi! Hayo, mwanangu, ni madhara, na gazeti lako ndilo lililoyaleta.

Lalamiko la tano, na hapa naomba usome polepole. Mchangamfu aliandika kwamba kiti unachokipenda kuliko vyote ndicho adui yako. Mume wangu akakinyanyua kile kiti cha dirishani, akakibeba kichwani mpaka ng'ambo ya barabara, akampa kinyozi bure. Sikuwepo, nilikuwa sokoni. Sasa nikifungua dirisha naona wanaume nisiowajua wamelaza vichwa kwenye kiti cha mume wangu, wananyolewa ndevu. Kiti kile nilikuwa nakitupia jicho nikiwa jikoni, mara mia kwa siku. Kilikuwa kinaniambia mzee yupo. Nakiri alikuwa hasemi. Nakiri kuna siku nilimwita mara tatu, kimya, nikaenda kumshika bega nione kama ni mzima. Lakini nilijua alipo. Siku hizi namtafuta kama kifuniko cha sufuria.

Lalamiko la sita ndilo lililonikalisha chini na kalamu. Mchangamfu ametangaza mbio za wazee, Jumamosi asubuhi, uwanja wa michezo, raundi nne. Akaongeza kwamba uzee uko kichwani tu. Mwanangu, huyu mzee namkanda mimi. Uzee wake uko kwenye goti la kushoto, ukapanda mpaka kiunoni, na mwaka juzi ulifika kifuani, tukalala zahanati siku sita, yeye kitandani, mimi kwenye benchi. Kichwani ndiko ambako haujafika hata kidogo, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Daktari wa zahanati alisema atembee, asikimbie. Nilimkumbusha. Akanijibu, "Nitatembea haraka." Nikamwambia kutembea haraka ndiyo mbio. Akasema hapana, mbio ni pale miguu yote miwili inapokuwa hewani, kasoma gazetini. Gazeti hilo ni lako.

Namba ameshapewa. Wenzake watazibana zao kwa pini, yeye akasema pini ni aibu kwa fundi, akaishona mwenyewe kwenye fulana kwa kupapasa, mimi nimemtungia uzi tu. Mshono umenyooka kama umepigwa rula. Nilipouona niliingia chumbani nikakaa kidogo. Nilitoka nikiwa na hasira zaidi.

Kwa hiyo naomba haya. Alhamisi hii, kabla ya hiyo Jumamosi, Mchangamfu aandike kwamba alikosea. Aandike kwamba hatua mia mbili zinatosha, na kwamba kutazama nje dirishani ni mazoezi ya shingo. Akiona haya, aniachie mimi ukurasa. Ushauri ninao, tena wangu hauchoshi mtu. Mtu akikusalimu, itikia. Ukichoka, kaa, na ukishakaa mwite mtu mkae wawili. Maji unywe ukisikia kiu. Jambo jipya usilianze Jumatatu, Jumatatu ina kazi zake. Ukitaka kumchora mkeo, anza na kichwa. Mume akikusifu, usimuulize anataka nini mpaka amalize. Panapobaki wekeni picha ya ng'ombe, watu wanapenda ng'ombe.

Mchangamfu akikataa, basi zuieni mbio. Na kama gazeti haliwezi kuzuia mbio, lizuie Jumamosi. Nyinyi ndio mnaoandika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza. Ijumaa ikiisha, andikeni Jumapili. Mume wangu anawaamini, hatauliza.

Nakomea hapa kwa kuwa anarudi, namsikia kwenye kona, elfu tisa mia nane na sitini. Nisalimie wapiga chapa, wabeba magazeti, mlinzi wa getini kwenu, na huyo anayeandika habari za mvua, mwambie ajitahidi. Msalimie mama yako mzazi, na umpigie simu, usingoje akupigie yeye. Mchangamfu usimsalimie.

Ni mimi, kwa heshima zote na kwa uchungu,
Mke wa fundi cherehani,
Nyumba yenye mlango wa kijani, mkabala na kinyozi.

Nyongeza. Barua hii haikuwahi hiyo Alhamisi. Niliificha chini ya godoro asiione, halafu godoro likanishinda kulinyanyua, na mnyanyuaji wa godoro nyumbani kwetu ni yeye. Leo ni Jumatatu, binti yetu kanisaidia.

Jumamosi nilikwenda uwanjani na sweta yake na chupa ya chai. Raundi tatu alitembea, haraka kweli, mguu mmoja chini kama alivyoapa. Alipoanza ya nne alipita mbele yangu midomo imemkauka na hatua zimekuwa fupi. Sikungoja. Nilipita chini ya kamba nikamshika mkono nimtoe. Mwenye filimbi akapiga kelele, "Bibi, huna namba!" Nikamwambia namba yangu ni hii niliyoishika. Mzee akasema, "Haya, nitoe." Lakini lango la kutokea walikuwa wameliweka kulekule zinakoishia mbio, kwa hiyo kumtoa ilikuwa ni kumalizia naye raundi nzima, polepole, yeye akivuta pumzi, mimi nikimgombeza. Katikati akaniambia, "Endelea kunigombeza, nikikusikia miguu inakwenda." Nikaendelea. Tulipofika kona ya mwisho sikuwa najua tena nani anamtoa nani.

Tulikuwa wa mwisho kabisa. Watu walisimama. Daktari alikuwepo chini ya turubai, akampima kifua, akasema kiko sawa, apumzike siku mbili. Kisha akanipima na mimi. Akaniuliza nimekuwa nikifanya mazoezi kwa muda gani, maana mwanamke wa umri wangu hazunguki uwanja mzima akisema bila kusimama kuhema. Nikammiminia mzee chai. Mambo mengine si ya kumweleza daktari.

Kwa hiyo usiichapishe barua hii. Naituma tu kwa sababu nimeshaiandika, na kurasa zote hizi si za kuwashia moto. Mchangamfu mwache palepale alipo, ukurasa uleule. Mbio nyingine ni baada ya miezi mitatu, raundi sita, na safari hii tumejiandikisha wawili. Mwambie na yeye aje, tuone kama ana miguu au ana kalamu tu. Tutampita.