Bahari Ilichelewa

Jumatano, 3 Septemba

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa soko. Jumapili ni Matembezi ya Hazina! Vituo vitano ufukweni, kila kituo kinatoa tarakimu moja ya kufuli. Atakayepata sanduku na kulifungua atajichagulia meza ya kufanyia kazi mwaka mzima.

Meza ni moja tu: ya dirishani. Anaikalia Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi viatu, mshindi wa mwaka jana. Soli hata gizani hushonwa! Mimi, fundi saa, nimesukumiwa kona ya stoo, na macho haya hayanitii tena. Juzi skrubu ilinidondoka, nikapapasa sakafu mpaka adhuhuri. Nikilikosa dirisha mwaka huu, nitafunga kazi. Hilo sijamwambia mtu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Leo hii mwenyekiti wa soko, ambaye ndiye huficha sanduku, kaniletea saa yake, imesimama. Nimeifungua: mchanga mweupe ndani, uzi wa mwani kwenye mkanda. Mwani wa namna ile huota mahali pamoja tu. Pangoni! Najua alikoficha sanduku. Nimemtoza bei ya kawaida, nisitiliwe shaka.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimefika pangoni saa nne kamili asubuhi. Maji yamekupwa, ndani pakavu, nimeingia na soksi zangu. Sanduku hilo hapo! Nimelihamishia kibao cha juu cha mwamba, kilichochomoza kama rafu, nyuma kabisa, kwenye giza. Kulifungua leo ingekuwa wizi. Kulihamisha ni maandalizi.

Nimeandika daftarini: pango hufunguka saa nne.

Vituo nitaviruka vyote. Kufuli ni saa iliyokosa mishale. Nitalitegea sikio, litaniambia lenyewe.

Ijumaa, 5 Septemba

Muuza samaki kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamdokeza habari ya saa nne. Akasema maji hayana saa ya kudumu, kila siku hukupwa yakiwa yamechelewa kuliko jana, karibu saa nzima. Nimemjibu kwamba mtu anayekadiria samaki kwa jicho hawezi kunifundisha mimi wakati. Akasema haya baba, kaoge salama.

Mke wangu kaipata habari kabla sijafika nyumbani. Kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimemuuliza mkuu ni nani katika nyumba hii. Amenitolea macho tu. Jibu nimelipata.

Jumapili, 7 Septemba

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili.

Wengine walipoanza kupanga foleni kituo cha kwanza, nikawapita nikipiga mluzi. Shemeji akaniuliza naenda wapi bila tarakimu. Nikamwambia kila mtu na fani yake.

Saa nne kamili nilikuwa mlangoni mwa pango. Maji kifuani! Nikaitazama saa yangu. Nikaitia sikioni. Inatembea. Basi mkosaji ni bahari.

Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Mimi sikuvua. Nikayaoga hivyo hivyo, na shati la kutokea. Wimbi la kwanza lilichukua kiatu cha kushoto. La pili likanirusha hadi kwenye kibao, likarudi na cha kulia. Nikalikumbatia sanduku. Niliogopa, nakiri, lakini kwenye kurasa hizi tu.

Nikatega sikio kwenye kufuli. Sikusikia kitu! Bahari inanguruma, na sikio lenyewe limejaa maji. Nilizungusha tarakimu mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha nikaita msaada. Kwa sauti ya kiasi.

Saa sita na nusu Shemeji akaingia akitembea, viatu vikavu, chapati ya njiani haijaisha mkononi. Maji yalikuwa yameshaondoka, mimi bado nimeng'ang'ania mwamba. Akasema wote walikuwa wamechungulia kutoka mlangoni mwa pango bila kuliona sanduku, wakakata tamaa, wakarudi, ila yeye akasikia mtu analia. Silii mimi. Nilikuwa naita!

Akazungusha tarakimu zake tano. Likafunguka kama mlango wa kwao.

Kwa hiyo nani aliyelipata sanduku? Mimi. Nani aliyefika kwa wakati? Mimi. Kamati imempa ushindi mchelewaji. Nimewasilisha pingamizi kwa mdomo, nikiwa pekupeku.

Jumatatu, 8 Septemba

Shemeji amekuja nyumbani jioni. Amesema ameliona jicho langu, jinsi ninavyoishika bisibisi mbali na uso, na kwamba dada yake hapati usingizi kwa ajili hiyo. Amesema nichukue dirisha, yeye hana haja nalo. Sharti moja: nimwambie muuza samaki kwamba alisema kweli.

Ni mtu mwema yule, na hilo ndilo linaloniudhi. Nikasema saa yangu haijawahi kukosea. Akanywa chai yake, akaaga. Mke wangu alivikusanya vikombe kwa kishindo.

Jumatano, 10 Septemba

Shemeji amehamisha viatu vyake vyote. Yuko kona ya nyuma ya mlango, hataki kukalia meza niliyoihitaji. Mimi niko stoo, sitaki kukalia meza ya kupewa. Tunafanya kazi gizani wote wawili. Dirishani amelala paka wa soko.

Saa ya mwenyekiti nimeifunga kwa kupapasa. Imebaki skrubu moja mezani. Inatembea hata hivyo, kwa hiyo haikuwa na kazi.

Mchana nilishuka pangoni kuhakikisha. Nimejua kosa lilipokuwa! Ile Alhamisi bahari iliwahi. Leo nimeipima upya, kwa saa mbili za mkononi, nikaandika daftarini kwa wino: pango hufunguka saa tisa kamili. Mwakani nitakuwa pale saa tisa kasoro dakika tano.