Mkasi Kwenye Bakuli la Tambi

Jamani wanakwaya, mwenzenu leo nimeaibika mbele ya mteja. Tena mteja mpya!

Mnajua nashona pale Jules Street. Leo mama mmoja Mkorea kaniita nyumbani kwake. Anafungua mgahawa mdogo, anataka eproni. Wanamwita Mama Jiwoo, kwa jina la mwanawe, kama mnavyoniita mimi Mama Furaha. Nikasema moyoni, huyu ni dada yangu kabisa. Kazi hii siiachi.

Nikampima, nikakunja futi yangu. Akasema, "Kaa kwanza tule. Si chakula cha wageni, ni chetu cha kila siku."

Akaniwekea bakuli. Ndani tambi, tango, nusu yai... na barafu! Barafu ndani ya supu! (Nikadhani umeme umekatika.) Kwa adabu zangu zote za kanisani nikauliza, "Mama, nikusaidie kuipasha moto?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Mama Furaha, hii inaliwa baridi!"

Sawa. Nikavuta tambi. Zikavutika. Nikainuka kwenye kiti, bado zinavutika! Mama Jiwoo akaona taabu yangu, akaja na mkasi mkubwa mweusi, akauelekeza kwenye bakuli langu.

Nikaruka. "Hapana! Huo mkasi wangu wa nguo!" Nikamshika mkono, nikaunyakua. Supu ikamwagika mezani, nyingine kwenye blauzi yake nyeupe.

Nikafungua mkoba niurudishe mkasi wangu. Mkasi wangu ulikuwa humo humo, umelala kwenye kitambaa chake. Eish! Nikabaki nimeshika mikasi miwili kama kinyozi mwenye haraka.

Mama Jiwoo akafungua droo. Mikasi mitupu! "Hii ni ya jikoni," akasema huku akijipangusa. "Tunakatia nyama, mboga, tambi, kila kitu."

"Nisamehe, Mama. Kwetu ukigusa mkasi wa fundi ni vita."

"Basi nimejua!" Akacheka tena, akanikatia tambi, chap chap. Nikala. Baridi, uchachu, haradali inapanda puani. Nikaomba bakuli la pili! (Aibu ilikuwepo, lakini na njaa nayo ilikuwepo.)

Kazi ya eproni zote kanipa mimi. Jumamosi nampelekea sombe, kisamvu chetu, aonje.

Ila ninyi wa kwaya, nikimwona mtu Jumapili ananipungia vidole viwili kama mkasi, sare yake ya Pasaka atajishonea mwenyewe.