Nimemtolea Mkwe Wangu Ulimi

Leo nimeumbuka.

Wenzangu wa Nzega, barua hii awasomee Shija, maana ndiye mwenye sauti, na asiisome mbele ya wake zenu. Jua halijazama. Majivu bado yamo masikioni mwangu na nimejifunika shuka, wala si kwa baridi. (Tabora mwezi huu hakuna baridi. Ni aibu tupu.)

Mnanijua. Kazi yangu ni cherehani, maradhi yangu ni picha za kutisha. Ikija sinema ya wafu wanaofufuka, nipo benchi la mbele kabisa, nimekumbatia magoti, napiga kelele kumshinda yule mwanamke anayekimbizwa ndani ya picha. Sijui kwa nini napenda kuogopa. Mke wangu Tausi naye huja, ila haangalii picha. Ananiangalia mimi, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kusema kweli ndivyo tulivyopendana.

Basi mwezi uliopita tulitoka sinema tukaenda kunywa chai kwa Mzee Nasoro, yule Mwarabu mwenye hoteli hapa Kanyenye. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani. Yeye mwenyewe hajavuka Urambo.

"Mzee," nikamwambia, "wale waliotengeneza picha hawajui kitu. Maiti anatoka kaburini amevaa suti! Msukule wetu ndiye wa kutisha. Mnamzika, mnalia, mnanyoa nywele, kumbe mchawi ameshamchukua. Yuko shambani analima, amekatwa ulimi, analishwa pumba."

Mzee Nasoro akaweka kikombe chini. "Hebu niambie. Watu wanaweza kumtazama huyo huku wanakula pilau?"

Hapo ndipo balaa langu lilipoanza. Tukapanga Jumamosi ya leo, mchana, tufanye Chakula na Misukule. Yeye anapika, sisi mafundi wa ushirika wa cherehani tunakuwa misukule, na wateja wanaandaliwa chakula na wafu. Katibu wa tawi alisita. Alisema mambo ya uchawi yanarudisha taifa nyuma. Nikamweleza kwamba mchawi wetu ni mnyonyaji, misukule ni wavuja jasho, na mwisho wa mchezo wanazinduka, wanachukua majembe, wanakwenda kuanzisha kijiji cha ujamaa. Akafikiri sana.

"Endeleeni, ndugu," akasema. "Lakini wazinduke mapema." (Na akaomba meza ya mbele.)

Sasa mjue na shida ya nyumbani. Tausi ana mimba ya miezi minane. Ni ya kwanza na anaogopa. Anamtaka mama yake. Mama yuko Ipole na hajawahi kukanyaga kwetu tangu tuoane, wala si kwa kiburi. Kaka yake Tausi, Mashaka, alikwenda kukata mkonge huko Tanga, ikarudi barua tu kwamba amefariki na wameshamzika hukohuko. Mama hakuona maiti, hakuona kaburi. Tangu siku hiyo hataki kutoka nyumbani, anasema mtoto asije akarudi akakuta mlango umefungwa. Safari hii, kwa ajili ya Tausi, alikubali kuja Jumatatu na lori la tumbaku. Akitupenda, atakaa mpaka mtoto azaliwe. Asipotupenda, atarudi na lori lilelile na mke wangu atajifungua bila mama.

Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa nikifundishwa adabu. Mimi ni mtoto wa mjini. Kwetu mkwe unamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, mnaendelea kula. Kwao Ipole mambo ni mengine.

"Usimtazame usoni," Tausi akaniambia.

"Sawa."

"Ukikutana naye ghafla, chuchumaa kando, inamisha kichwa, nyamaza mpaka nije mimi niwasemeshe."

"Sawa."

"Na usile mbele yake. Hata punje, Juma! Mkwe kumwona mkwe anatafuna ni aibu ya ukoo mzima."

Nikaapa. Hata siku ya harusi, hukohuko Ipole, yeye alijifunika kanga na mimi nilitazama viatu vyangu. Hanijui sura, na mimi simjui yake.

Basi leo mchana tukajipaka. Majivu mwili mzima, masizi kuzunguka macho, gunia la karanga kiunoni na jingine begani. Pumba zetu zilikuwa karanga za kukaanga zilizopondwa na sukari kidogo. (Tamu! Kuliko hata pilau.) Hoteli ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nikatoka jikoni na sinia mkononi, naburuta mguu mmoja, macho nimeyageuza juu. Mzee Nasoro, aliyenipaka majivu kwa mkono wake mwenyewe, akapanda juu ya benchi.

"Audhubillahi! Wewe nani?"

"Juma," nikamnong'oneza.

"Juma gani?"

Mama mmoja akaniambia niongeze mchuzi. Nikaguna, "Mmmmh." Akapiga ukelele, akajifunika uso na kanga, kisha akatoa sahani chini ya kanga ili mchuzi uingie. Nilifurahi jamani. Tangu nizaliwe sijafurahi namna ile. Hata kuzinduka kulikwenda vizuri, isipokuwa Fundi Ramadhani alikataa kuzinduka. Katibu ameshasimama, tunaimba, tunainua majembe, yeye bado kainamia sufuria ya pumba. "Ngojeni nimalize," akasema. Msukule anasema! Watu walianguka kwa kicheko.

Tulipomaliza, bomba la hoteli halina maji. Nguo zangu ziko kwa Fundi Ramadhani, na Fundi Ramadhani keshaondoka. Nikasema si neno, nyumbani si mbali, nitapita njia za nyuma. Nikafunga pumba kidogo kwenye karatasi nimpelekee Tausi, maana mimba yake hii inataka karanga asubuhi na jioni. Njiani mbuzi wa jirani aliniona akakata kamba. Ningejua, ningerudi palepale.

Nikaingia uani. Tausi hayupo, kaenda foleni ya maji. Lakini kando ya mlango wa jikoni, juu ya mzigo wake, amekaa mama mmoja mwembamba na kibuyu cha asali mapajani. Ana paji la uso la Tausi. Ana masikio ya Tausi. Lori la tumbaku lilikuwa limekuja siku mbili kabla ya Jumatatu!

Nilikumbuka nini? Adabu. Nikachuchumaa kando, nikainamisha kichwa, nikanyamaza kimya. Moyoni najisifu. Tausi angeniona angejivunia.

(Nilisahau kwamba nimejipaka majivu. Naomba mniamini. Ukikaa na majivu kwa saa tatu unayazoea.)

Kisha nikasikia sauti yake, ndogo sana.

"Umerudi."

Nikaitikia kwa kichwa. Ni kweli nilikuwa nimerudi, kutoka hotelini.

"Wamekutesa sana huko?"

Nikawafikiria wateja wa Mzee Nasoro. Nikaitikia tena.

"Mayu wane," akasema kwa Kinyamwezi, mama yangu wee. "Na wanakulisha nini?"

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ukarimu wa mjini. Nikatoa karatasi yangu, nikaifungua, nikamnyooshea kwa mikono miwili huku nimetazama chini.

Akapiga yowe kama mtu aliyejiziba mdomo. "Pumba!"

Nikashangaa. Ni karanga, na nzuri. Kabla sijajua nifanye nini, akaja akapiga magoti mbele yangu, akanipangusa majivu kwenye paji la uso kwa pindo la kanga yake. Mkwe ananigusa! Tausi hakunifundisha la kufanya hapo. Nikabaki nimechuchumaa. Akafungua mzigo, akatoa kiazi cha kuchemsha, akakimega, akakichovya kwenye asali, akakileta mpaka mdomoni mwangu.

"Kula, mwanangu. Hii siyo pumba."

Ninyi mngefanya nini? Nikila, ni aibu ya ukoo mzima. Nikikataa, nimemtukana mkwe siku ya kwanza, na lori lipo. Na asali ilikuwa inadondoka. Nikafungua mdomo.

Nimekula mkononi mwa mkwe wangu. (Shija, warudie sentensi hiyo, najua hawataamini.) Akanilisha kipande cha pili, na cha tatu. Nikafikiri, kumbe Tausi alinitisha bure, mkwe gani mwenye huruma namna hii? Ndipo akanishika kidevu.

"Sasa toa ulimi nione."

Nikasita.

"Toa, baba. Usiogope."

Nikautoa. Wote, una asali na vipande vya kiazi. Akauinamia, akautazama huku na huku, akaanza kulia kwa furaha. "Hawajaukata! Hawajaukata! Mashaka wangu, hawajaukata!"

Hapo nikaelewa kila kitu kwa mkupuo mmoja. Na hapohapo, maana siku ya kuumbuka haina nusu, Tausi akaingia na ndoo kichwani, nyuma yake majirani wawili na ndoo zao.

"Juma!" akapiga kelele. "Unamtolea mama yangu ulimi?"

Nilitaka kuurudisha ndani, lakini kidevu changu kilikuwa kimeshikwa.

"Juma nani?" mama akauliza. Akamtazama Tausi, akanitazama mimi. "Huyu si kaka yako?"

Tausi akatikisa kichwa, maji ya ndoo yakamwagika. Jirani mmoja aliweka ndoo chini akaenda kucheka ukutani. Mama akaniachia kidevu polepole, kidole kimoja kimoja. Akavuta kanga akafunika uso, akanipa mgongo. Nikakimbia nyuma ya choo.

Huko nililia. Nasema wazi, nililia gunia likalowa. Wakati wote ule nilicheza kufa na kufufuka kama mchezo, na hapa uani nimemfufulia mama mwanawe, nikamuua tena kabla kiazi hakijashuka tumboni. Nilimsikia anafunga mzigo. Nilimsikia anasema lori linarudi saa kumi na moja, na Tausi anambembeleza, kisha Tausi habembelezi tena, analia tu. Sauti hiyo sikuweza kuivumilia.

Nikachukua ndoo moja nikaoga haraka. Nikavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi kwa ajili ya Jumatatu. Nikaenda nikachuchumaa nyuma ya mama, nikafanya kile nilichokatazwa. Nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mama, nisamehe. Sikukucheka. Nilidhani umejua mimi ndiye mkweo."

Akasema bila kugeuka, "Tausi, mwambie anitazame."

"Mama anasema umtazame," Tausi akasema, mimi niko hatua mbili tu.

Nikamtazama. Akageuka, akashusha kanga. Macho yake mekundu. Alinichunguza kwa muda mrefu, kuanzia nywele mpaka kidevuni.

"Hafanani naye hata kidogo," akasema.

"Hapana, mama."

"Mashaka alikuwa mzuri."

"Ndiyo, mama."

"Lakini unakula kama yeye. Unajaza shavu moja." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilijua amekufa. Barua ilisema. Lakini leo nimemlisha. Miaka yote hii nilitaka kumlisha tu."

Tausi aliubana mkono wangu kwa kucha, na sikusikia maumivu.

"Sasa wewe," akaniambia mimi, moja kwa moja, bila kumpitia mtu, "mkwe halishwi kwa mkono. Nimeshakulisha. Siwezi kukirudisha kiazi. Kwa hiyo ukwe umekwisha leo, na atakayesema neno huko Ipole, aje aniulize mimi. Tausi, fungua huo mzigo. Halafu niambie, katika nyumba hii mtu anazalia chumba gani?"

Lori limeondoka. Nimelisikia likipiga honi barabarani na hakuna aliyenyanyuka. Sasa hivi yuko jikoni anamgombeza Tausi kwa kubeba ndoo na tumbo lile, na zile karanga amezimaliza peke yake. Nimeambiwa jioni hii tunakula sinia moja, sote watatu.

Basi, ndugu zangu, hayo ndiyo yaliyonipata. Chekeni mkitaka, chekeni mpaka mbavu ziwaume, lakini mkija kumwona mtoto, ole wake atakayecheka mbele ya mama yangu.