Rasta Zangu na Mtamba wa Nkololo

Jumanne, Julai 2

Kichwa kinanuka. Nimekubali leo, baada ya mteja kuinama kwenye meza yangu sokoni kuchagua sufuria, akainua uso na kuniuliza kama nauza na dagaa.

Rasta hizi zina miezi miwili. Lakini nzuri! Rangi ya maroni, zinafika kiunoni. Kuzifumua siwezi. Msusi wangu yuko msibani Maswa, na Jumamosi ukoo wa mchumba wangu, Masele, unatoka Nkololo kuleta ng'ombe wa mahari nyumbani kwa baba, kijijini Ngulyati. Shangazi yake, Milembe, anakuja mwenyewe. Mama huyo alishavunja uchumba wa mdogo wake Masele kwa sababu ya kucha za binti. Kucha tu! Akifika kwenye kichwa hiki si ataondoka na ng'ombe wake wote?

Jirani yangu Generoza, nesi kutoka Bukoba, leo kaosha rasta zake katikati ya uwanja ili sote tuone. Shampuu kidogo na maji kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Anakamulia kwenye mistari, anasugua kwa ncha za vidole, anasuuza. Kisha stimingi ya kulainisha nywele, iliyozimuliwa kwa maji, anasuuza tena, anakamua kwa fulana kuukuu, anakaa juani. Akanikaribisha, eti chupa inatosha wawili. Nikamwambia nina njia yangu. Sina. Ila siwezi kufundishwa kuoga na mtu aliyehamia Bariadi juzi.

Jumatano, Julai 3

Njia yangu ya jana jioni: sabuni ya unga. Inatoa masizi kwenye sufuria, nikadhani nywele ni kazi ndogo. Nikatumbukiza kichwa kwenye beseni. Povu! Nikasuuza. Povu! Nikasuuza tena, maji ya bomba yakakatika. Nikafunga kitambaa juu ya povu, nikalala.

Leo nina harufu mbili: ile ya zamani, na juu yake harufu ya dekio. Ngozi imejaa unga mweupe. Inawasha mpaka najipigapiga kichwa kwa kiganja mbele ya wateja. Mama mmoja akanipa pole ya msiba. Nimeipokea, maana sikuwa na maelezo mengine.

Generoza kasema povu lililokauka ndilo linalowasha, nisuuze vizuri, na rasta mbichi hazilaliwi. Hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi, Julai 4

Wazo! Tena kubwa!

Ng'ombe gani wanaong'aa kiangazi hiki? Wanaokula mashudu ya pamba, makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Sasa, kitu kinachomng'arisha ng'ombe kutokea tumboni, ukikipaka moja kwa moja kwenye nywele itakuwaje? Wenye viwanda vya stimingi hawajaliwaza hili kwa sababu hawafugi.

Nimechemsha mashudu, nimechuja, nimetia samli. Halafu magadi, maana yanalainisha hata maharage sugu. Imetoka rojo nzito ya kahawia. Generoza alipita jikoni akauliza nani kanunua ndama. Nikacheka kwa dharau.

Ijumaa, Julai 5

Nimepaka kila mstari, mpaka ncha. Zinang'aa! Sijasuuza wala sitasuuza, nimwage faida yote chini? Harufu ni ya zizini kidogo, lakini kwani kesho tunakwenda wapi?

Generoza kauliza nitaosha saa ngapi. Nimemwambia wivu utamzeesha. Bahati mbaya mama kamwalika aje kusaidia kupika.

Jumamosi, Julai 6

Siku mbaya. 

Asubuhi ilianza vizuri. Wageni wakafika, salamu za Kisukuma, "Mwangaluka, mwangaluka," ng'ombe wakasimamishwa nje ya zizi, kamba bado mikononi mwa wageni kwa sababu baba hajawakagua. Wametembea toka alfajiri na njaa yao. Nikaletwa kuwanawisha wageni mikono. Nikapiga magoti mbele ya Milembe, macho chini, heshima tele. Masele alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu na ng'ombe. Kapendeza!

Nikahisi kitu cha moto kinanigusa shingo. Nikajua ni Masele. Mbele ya wazee! Nikatabasamu chini chini. Kikanigusa tena, kipana, kina mate. Nikaanza kumhurumia Masele kwa mapenzi yaliyomzidi. Ndipo kichwa kikavutwa nyuma kwa nguvu, birika likaruka, maji yote yakaishia mapajani kwa shangazi.

Mtamba wa madoa. Yule bora kuliko wote. Rasta zangu za mbele zote zilikuwa mdomoni mwake, anatafuna amefumba macho. Watu wakavuta kamba, Generoza akanivuta mimi. Kikasikika kitu kama gunia linachanika. Mtamba akameza. Mbele ya kichwa changu sasa ni peupe, upana wa kiganja.

Halafu mtamba akasimama kimya, tumbo limejaa, hacheui. Ng'ombe asiyecheua ni mgonjwa, hilo kila mtu anajua. Baba akasema hawezi kupokea ng'ombe mgonjwa. Mshenga wao, Mzee Mayige, akasema alikuwa mzima mpaka alipokutana na bibi harusi. Baba akasema kamba bado iko mikononi mwenu, ng'ombe ni wenu. Mayige akasema basi nywele ni zenu, na ugonjwa umetoka kwenye nywele. Wakabishana mpaka wali ukapoa.

Milembe hakubishana. Alikuja, akapitisha kidole kwenye rasta zangu, akakionja.

"Mashudu," akasema. Akaonja tena. "Na magadi. Mayu, mama wewe, ulijipika?"

Nikasema ni mafuta ya kawaida. Akatangaza kwamba wanalala hapa. Mtamba akicheua, mazungumzo yanaendelea. Akifa, ng'ombe waliobaki wanarudi Nkololo, na Masele anarudi nao. Nimejifungia chooni nikalia. Nampenda, jamani. Si kwa mchezo.

Jumapili, Julai 7

Sikwenda kanisani. Ukoo mzima ulikaa kwenye viti kumtazama ng'ombe mdomoni. Sala zangu zote nilizielekeza kwenye tumbo lake.

Jua lilipokuwa utosini, mtamba akajikohoza. Donge likapanda shingoni, tukaliona wote. Taya likaanza kwenda kushoto, kulia. Anacheua! Akina mama wakapiga vigelegele, Mayige akamkumbatia baba, na rasta yangu moja ya maroni ikaning'inia pembeni mwa mdomo. Ananitafuna mara ya pili, na watu wanashangilia.

Milembe akatoa sharti moja: nioshwe, yeye akiangalia. Generoza akatoa ile chupa yake. Akaosha mstari kwa mstari, akatia stimingi, akasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Kichwa kikawa chepesi, nikasinzia kwa raha. Sitamwambia kamwe. Kumbe njia yangu ilikuwa sahihi, ila ilihitaji kuoshwa.

Mtamba amepokelewa. Masele kanishika mkono nyuma ya nyumba.

Jumatatu, Julai 8

Milembe na Masele wanapita kwangu leo jioni kutoa siku ya harusi. Generoza kashauri nifunge kilemba, nipumzishe ngozi, nywele zitaota zenyewe. Harusi ya kilemba! Adui hajifichi.

Mimi nina mabaki ya rasta kwenye pakiti, na akili. Nimekwenda kwa Dastan, fundi viatu, nikachukua gundi. Dastan kauliza ni ya kiatu gani. Nikasema cha harusi. Gundi inayoshika soli kwenye matope ya masika itashindwa kushika nywele mahali pakavu? Nikapaka, nikapanga rasta, nikakandamiza kwa kiganja, nikahesabu taratibu kama Dastan alivyoniagiza.

Imeshika vizuri mno. Shangazi anapiga hodi, nami sijui nitamsalimiaje. Haya yote nimeandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado uko kichwani.