Shela Lililompita Marta

Habari iliyowasha moto kijiweni kwa Yusta, mama wa chai, Jumamosi hiyo ilitoka kwenye kundi la WhatsApp la usharika. Justine, fundi simu anayeitwa Profesa kwa kuwa hana jambo asilolijua, aliisoma kwa sauti ya mtangazaji: kesho baraza la wazee litapitisha kwamba bibi harusi mwenye ujauzito asivae shela.

Philbert, fundi cherehani, aliipuliza chai ambayo upepo wa Iringa ulishaipoza zamani. Bintiye Goodness, mwalimu wa miaka ishirini na saba, anaolewa baada ya wiki tatu, na ana miezi minne. Shela amelishona baba mtu kwa mkono wake, na binti ameapa kwamba bila shela harusi hakuna. Kijiwe kizima hakikuwa na habari ya mimba hiyo.

Hoja yenyewe ilikuwa ya Mzee Anord, mzee wa kanisa, ambaye kwa kupenda vifungu alishabandikwa jina la Katiba.

"Sisi kule Kilolo," alisema Katiba, "mpaka siku ya harusi hujui hata kiganja cha binti kina joto au baridi."

"Sasa mbona nusu ya Kilolo mmezaliwa mwezi wa kumi?" aliuliza Nkuba, Msukuma anayeleta mchele kutoka Usangu. "Rudi nyuma miezi tisa. Unaangukia kwenye msimu wa ulanzi."

Katiba akamwambia Msukuma mwenye chagulaga yake anyamaze. Nkuba akajibu kwamba kwao vijana walimfuata binti njiani mchana kweupe achague mmoja, kila mtu anaona, hawakusubiri pombe ya mianzi iwape ujasiri.

Profesa akaweka simu chini. Akifanya hivyo, ujue mhadhara unakuja.

"Bibi zetu waliwaweka mabinti ndani wakawafundisha kila kitu bila kupepesa macho. Wamisionari wakaja, wakashusha pazia. Ukaja UKIMWI, serikali ikalipandisha mpaka kwenye mabango ya barabara kuu, kila dereva wa lori anasomeshwa kondomu. Leo kila mtu ana simu mfukoni, pazia lenyewe halipo. Nyie mnataka kuziba dirisha kwa shela."

"Na bwana harusi?" Philbert aliuliza ghafla. "Yeye anavuliwa nini?"

"Mwanaume haonekani, Fundi," alijibu Katiba.

Philbert alitamani kummwagia ile chai. Akainywa.

Katiba, akiona ameshinda, akatoa simu na kufungua picha ya harusi yake, ya miaka ya themanini mwanzoni. Alitaka waone bibi harusi wa enzi za adabu. Ikazungushwa benchi zima. Mkewe Marta kasimama na gauni jeupe, kakumbatia tumboni maua mengi kama shamba.

"Mbona kichwa kitupu?" Nkuba aliuliza.

"Miaka ile ya shida, bwana. Kilolo nzima hapakuwa na shela."

Yusta akafuta mikono kwenye khanga, akaichukua simu. Yeye na Marta wametoka kijiji kimoja.

"Lilikuwepo, Baba Mathew. Kanisa lilikuwa na shela moja, mke wa mchungaji analitunza sandukuni. Unaazima, unavaa, unarudisha. Mimi nimeolewa wiki mbili kabla yenu, na nililirudisha Jumatatu yake."

Nkuba akaanza kuhesabu kwa vidole miezi ya Mathew, mtoto wa kwanza wa Katiba. Yusta akamchapa mkono.

Katiba akaichukua simu yake.

"Alilia, Marta," alisema. "Kutoka kanisani mpaka nyumbani. Nikawaambia watu ni mafua."

Hasira ikamtoka Philbert, na huruma aliyokuwa haitaki ikamjaa.

"Basi futa hoja, mzee," alisema Nkuba, taratibu.

"Hoja ya baraza haifutwi." Katiba alikuwa amesharudi kwenye sauti yake. "Inapelekwa kamati."

"Kamati ipi?"

"Ya ujenzi."

Hapo benchi nusura lipinduke kwa kicheko. Kamati ya ujenzi ina mwaka wa kumi na moja inajenga mnara wa kengele, na haijafika kwenye madirisha.

Katiba akafunga vifungo vya koti, akaaga. Alipomfikia Philbert akainama, kama anayemdai suruali yake.

"Swali lako nimelielewa. Mwambie Goodness alipime hilo shela," alinong'ona. "Ila maua ashike madogo. Sisi ndiyo yaliyotuumbua."