Gari la Profesa Lililotembea Dakika Sita

Kama kuna mtu aliyezaliwa anajua kila kitu, basi ni Profesa! Shahada hana, na chuo alikiona kwa nje, lakini jina hilo alijipa mwenyewe na kulitumia kwa bidii mpaka wenzake wakachoka kubisha.

Kazi yake ni kubuni tovuti. Wiki hiyo programu yao ya kuchezesha picha ilitoka upya, na bosi akaleta mkufunzi wa siku mbili.

"Profesa, huingii semina?"

"Bosi, mimi na hii programu tunajuana tangu haijaota meno. Nikafundishwe nini?"

"Haya. Mama wa shule ya udereva anataka gari liingie kwenye ukurasa wake, lipite taratibu, liegeshwe karibu na namba ya simu. Ijumaa akiridhika, ukuu wa kitengo ni wako. Asiporidhika, anapewa dada yako pale."

Dada mwenyewe, mbunifu mpole wa meza ya pili, alishachukua daftari na kuelekea semina. Profesa akamhurumia.

Akafungua programu. Lo! Vitufe vyote vilikuwa vimehama, kama vile umerudi safari ukakuta mkeo amepanga nyumba upya. Pembeni kulikuwa na kitufe chekundu asichowahi kukiona. Akakibonyeza. Kikawaka tu, basi. Akakiacha kiwake.

"Kaka, hicho umekiwasha makusudi?" dada alimuuliza aliporudi.

"Hicho ni cha mapambo."

Siku tatu gari lilimtoa jasho. Akilivuta mbele, linapinduka. Akilishusha, linapanda juu ya maandishi. Profesa akajikaza kisabuni, na Alhamisi likasimama wima pembeni ya namba ya simu. Hakulichezesha hata mara moja, kwa sababu kitufe cha kuchezesha nacho kilikuwa kimehama, na kumuuliza dada kilipo kungekuwa sawa na kuvua nguo sokoni.

Ijumaa mama akaja na miwani yake na kitita cha funguo, akaketi bila kuegemea.

"Mama," Profesa alisema, kifua mbele, "utakachokiona leo hakijawahi kuonekana."

Akamwachia dada abonyeze, kama mkubwa anavyomwachia msaidizi.

Gari likaingia taratibu, zuri ajabu. Profesa mwenyewe alishangaa. Kisha likasimama, likarudi nyuma kwa kasi, likapanda herufi za jina la shule, likapinduka, likatembelea paa mpaka ukingoni na kupotea. Likarudi kinyumenyume! Likaigonga picha ya mama iliyokuwa pale ukurasani, kwenye paji la uso, na kutulia hapo dakika nzima.

"Hapo nilikuwa nakunywa chai," Profesa alieleza, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Kile chekundu kinarekodi kila unachosogeza, na siku nzima kinaifupisha iwe dakika mbili," dada alinong'ona. "Tuliambiwa saa ya kwanza ya semina."

Maji yalikuwa yamemfika Profesa shingoni. Gari likajaribu kuegesha mara kumi na nne. Dakika ya sita likasimama, limenyooka kabisa, na hakuna aliyepiga makofi.

Mama akavua miwani, akafuta macho.

"Miaka ishirini na mbili nafundisha udereva. Sijawahi kuona kitu kama hiki." Akamgeukia bosi. "Naichukua."

Bichwa likamvimba Profesa papo hapo. Alimtazama dada kwa huruma ileile ya mwanzo wa wiki.

"Msiguse kitu," mama aliendelea. "Juu yake muandike, 'Kabla ya kujiunga nasi.' Na huyu binti anitengenezee ya pili, ya baada ya kujiunga."

Bosi akakohoa, akamtazama dada, akasema basi kitengo kimepata mkuu.

Profesa akafikiri kidogo, akaona heshima yake bado inaweza kuokolewa.

"Mama, kwa kawaida jina la mbunifu huwekwa chini ya kazi."

"Jina ni lazima, mwanangu," mama alisema. "Na picha pia. Bila picha watu hawataamini kwamba kuna mtu anaendesha hivi."

Picha alipigwa jioni ileile na mkuu mpya wa kitengo, aliyemwomba kwa upole atabasamu.