Nilivyomkimbia Mgeni wa Elimu kwa Dirisha

Jamani, leo nimeaibika hadi masikio yakawa moto. Naandika polepole, mnivumilie.

Mimi nasoma kidato cha kwanza katika darasa la watu wazima hapa Malaba. Nilikomea darasa la nane, nikaanza kubeba mayai kwa baiskeli kutoka upande wa Uganda. Kwa njia ya panya. (Msinihukumu.) Darasani mimi ndiye mdogo kabisa. Wengine ni madereva wa lori na akina mama wa sokoni.

Wiki jana mwalimu alituambia mgeni kutoka ofisi ya elimu atakuja kusoma alama zetu na kutuhesabu. Tusipofika ishirini, darasa linahamishiwa Busia mjini. Huko siwezi kwenda kila siku. Masomo yangu yangeishia hapo. Kwa hiyo leo nilifika mapema (mara ya kwanza!), nikaegemeza baiskeli ukutani na trei zake sita, nikakaa nyuma karibu na dirisha.

Saa nane mlango ukafunguliwa. Mwanamume. Shati la bluu, kofia, faili kubwa.

"Hii mayai hapa nje ni ya nani?"

Mungu wangu! Watu wa forodha wamenifuata hadi shuleni! Sikufikiria. Nikapanda kiti, nikaruka dirishani.

Sikufika chini. Msumari ulishika suruali. Kichwa na mikono nje, kuku wa jirani wakinitazama. Miguu na yale mengine yakabaki ndani. Kisha suruali ikapasuka. Praaa!



"Mwalimu, huyu anaenda wapi?" yule mgeni akauliza. "Mimi nilitaka kununua trei moja tu."

"Huyo ni mwanafunzi wetu, afisa," mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

"Waliokaa ni kumi na tisa. Na huyu nimhesabu?"

"Mhesabu, boss!" dereva mmoja akapaza sauti. "Sehemu kubwa iko ndani!"

Walicheka hadi madawati yakalia. Nikajaribu kurudi, msumari ukakataa. Nikajaribu kutoka, ukakataa pia. Afisa alikuwa na haraka, akaanza kusoma alama mimi nikiwa nimening'inia palepale.

"Hisabati. Aliyepanda kuliko wote, kutoka kumi na nane hadi hamsini na nne..." Akataja jina langu! "Yuko wapi? Asimame tumpigie makofi."

"Siwezi kusimama, afisa," nikawaambia kuku.

Hapo ndipo Mama Nekesa alipoinuka. Anauza dagaa wa omena, na tunakaa dawati moja. Alinifunga leso yake kiunoni, akanichomoa msumarini kama anayetoa samaki kwenye wavu.

"Rudi ndani, mwanangu. Nimekufundisha hesabu za sehemu kwa mikebe ya gorogoro ya kupimia omena miezi mitatu. Hizo alama ni zetu wawili. Unazikimbiza wapi?"

Nikasimama mbele yao nimevaa leso ya maua. Wakanipigia makofi, kwa kweli, si ya kejeli. Sijawahi kupigiwa makofi. Nililia kidogo. (Vumbi la chaki.)

Afisa akaandika ishirini. Tunabaki Malaba. Mwalimu, Mama Nekesa, madereva wote, asanteni sana, hamjui mmenifanyia nini.

Ila huyo aliyenipiga picha nikiwa pale dirishani, nakuomba kwa heshima uifute. Hata uso wangu haumo.